Kama Ilivyotamkwa

Kaka yangu ana kosa moja tu, nalo ni adabu. Nasema kosa kwa makusudi, na anayetaka kunibishia aje kwetu aone lilipotufikisha.

Kazini wanamwita Pimamaji. Jina hilo alipewa na vibarua wenzake zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kwa sababu macho yake huona sakafu imelala wapi na imeinuka wapi kabla hajakitoa mfukoni kile kifaa chenye kiputo. Ni fundi wa vigae. Ametandaza vigae kwenye vyoo vya maofisi, kwenye ngazi za hoteli, na kwenye majiko ya watu ambao hawakuwahi kumwalika aonje kilichopikwa humo. Nyumba yake mwenyewe aliitandaza kwa mabaki. Mlangoni kuna vigae vitatu vya kijani vilivyobaki kwenye kazi ya benki, vinafuata vyeupe vya zahanati, halafu kuna kimoja chenye ua la bluu ambacho tajiri mmoja alikikataa kwa kuwa ua lilikuwa limepinda. Ukiingia sebuleni unadhani umekanyaga shuka la viraka. Lakini mwaga maji pale katikati uone. Hayaendi popote, yanakaa hapohapo yakisubiri kitambaa.

Mimi ni mdogo wake, msusi. Nilirudi kuishi kwake nilipoachana na mume wangu, nikapewa chumba cha uani na jina jipya. Kaka ananiita Redio. Anasema mimi sina kitufe cha kuzimia. Mke wake, wifi yangu, ni mtu wa maneno machache, anashona sare za shule, na cherehani yake ndiyo inayoongea kwa niaba yake. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na redio moja, cherehani moja, na Pimamaji akitucheka sote wawili.

Sasa hiyo adabu. Marehemu mama alitufundisha kwamba mtu akikusalimu unamjibu vizuri kwanza, shida zako utamwambia baadaye kama atauliza. Mimi nilisikia kwa sikio moja. Kaka alisikia kwa mwili mzima. Siku moja mashine ya kukatia vigae ilimpitia kidole gumba, damu ikamwagika mpaka kwenye ndoo ya gundi. Msimamizi akaja mbio, "Vipi, Pimamaji?" Kaka akasema, "Salama, bosi. Habari za tangu asubuhi?" Alishonwa nyuzi sita. Tulimcheka mwaka mzima kwa jibu hilo, na leo nikilikumbuka natamani kumpiga mtu, sijui nani.

Kikohozi kilianza taratibu. Vumbi la vigae ni laini kuliko unga, ukikata kigae kikavu linakaa hewani mpaka jioni. Kaka alikuwa anajifunga leso puani. Kampuni iliwahi kununua vile vikinga pua mara moja, boksi moja la ishirini kwa mafundi arobaini, na yeye akawaachia vijana. Miaka ikaenda. Siku moja akiwa kazini alipanda ngazi akaketi ngazi ya tatu, akashindwa kuinuka. Ngazi zenyewe alizitandaza yeye.

Hospitali daktari alimgonga mgongo kwa vidole, huku na huku, akisikiliza. Mafundi wa vigae nao hugonga hivyohivyo, kusikia kama kuna kigae kilichokaa juu ya uwazi. Kaka akageuza shingo akamwuliza, "Vipi, daktari, kuna kilichobandikwa bila gundi?" Daktari hakucheka. Alituonyesha picha, akasema mapafu yamejaa vumbi, yamekakamaa, na hayatarudi yalivyokuwa. Nilimtazama wifi, wifi akatazama mikono yake. Niliogopa siku ile, na woga ule haujawahi kunitoka.

Kampuni ililipa miezi mitatu, halafu ikaleta barua. Barua ilimshukuru kwa utumishi wake uliotukuka. Walilitumia neno hilo kabisa, uliotukuka. Neno mshahara hawakulitumia.

Hospitali wakatuazima mashine ya hewa. Ina ukubwa wa ndoo mbili, ina magurudumu, inanguruma kutwa kucha, na mrija wake unaingia puani. Kwa mashine ile kaka aliweza kuoga akiwa amekaa, kwenda chooni mwenyewe, na kunitania bila kukatika katikati. Bila mashine, maneno matatu yalimtosha, kisha anatafuta hewa. Lakini zilikuwa mashine chache na wagonjwa wengi. Tuliambiwa tukae nayo wiki nane. Baada ya hapo Mfuko wa wafanyakazi ukikubali kwamba ugonjwa umetokana na kazi na kwamba hawezi kufanya kazi tena, utamnunulia mashine yake na kumpa mafao kila mwezi. Ukikataa, mashine inarudi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hewa ya kaka yangu ilikuwa inategemea fomu.

Aliyetusaidia fomu ni afisa ustawi wa hospitali, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Tulimwita Mama Ustawi na yeye akakubali. Chumba chake kiko mwisho wa korido, katikati ya stoo ya fagio na choo, kina viti viwili, kimoja cha mgonjwa na kingine cha mafaili. Mimi nilisimama. Alituambia barua gani itoke kwa daktari, gani kwa mwajiri, gani ipigwe mhuri na nani, na siku gani mwenye mhuri huwa hayupo. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Baba, wewe ni mtu wa kujikaza. Nakuona."

"Ndiyo," kaka akajibu, kwa fahari kabisa.

"Basi siku mkaguzi wa Mfuko atakapokuja nyumbani, nakuomba, usijikaze."

Kaka alimtazama kama ameambiwa atoke nje bila suruali. Kila mtu mwingine alikuwa amemwambia ajikaze. Majirani walimwambia, msimamizi alimwambia, hata mlinzi wa geti la hospitali alimwambia.

"Usimwelezee siku yako nzuri," Mama Ustawi akaendelea. "Mwelezee siku yako mbaya ilivyo."

"Nimdanganye?"

"Siku mbaya unazo, huna?"

"Ninazo."

"Nyingi kuliko nzuri?"

Kaka akanitazama. Nikajibu mimi, "Nyingi."

"Basi huo si uongo."

Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja uliosema, *Mwombaji anajiweza / hajiwezi. Kata lisilohusika.* Kaka akaiinua kalamu akataka kukata hajiwezi. Mama Ustawi akaushika mkono wake hewani, na wakabaki hivyo kwa muda, yeye anaushika na kaka hausogezi. Mwishowe kaka akakata anajiweza. Alilikata kwa mstari ulionyooka, kwa sababu hajui kuchora uliopinda.

Nyumbani tulifanya mazoezi. Mimi nikawa mkaguzi. Nilijifunga mtandio kama tai, nikakamata daftari la vipimo la wifi, nikakaa mbele yake.

"Unavaa viatu mwenyewe?"

"Navaa."

"Kaka! Nani anakufunga kamba?"

"Wewe."

"Basi sema hivyo."

"Ni aibu, Redio. Mtu mzima."

"Sema, sijiwezi."

"Hilo neno baya. Mtu akisikia mwanaume anasema hajiwezi, anafikiria mambo mengine kabisa." Akamtazama mkewe kwa pembe ya jicho, wifi akaficha uso kwenye sketi ya sare, na cherehani ikasimama. Tulicheka mpaka mrija ukamtoka puani.

Tulirudia siku nne. Alisema sijiwezi kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, kisha kwa kawaida, kama mtu anayesema jina la mtaa wake. Siku ya mwisho akaniuliza swali moja zuri, na nimelifikiria sana tangu hapo. Aliuliza, "Akinisalimu je, nimjibu vipi?"

Nikamwambia, "Salamu ni salamu tu. Hiyo haihesabiwi. Mjibu."

Mkaguzi alikuja asubuhi, mapema kuliko tulivyoambiwa. Wifi alikuwa chumbani anamsaidia kaka kuvaa shati. Nikafungua mlango mimi. Alikuwa mzee mwenye kofia, mpole, amekamata mkoba wa ngozi kwa mikono miwili.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Mmeamkaje?"

"Salama."

"Na mgonjwa wetu hajambo?"

"Hajambo, tunashukuru, anaendelea vizuri. Karibu ndani, vua tu hapo au usivue, sakafu ni ya kusuguliwa."

Akavua viatu. Nikampenda kwa hilo. Akasifu sakafu, na kaka akatoka chumbani akiburuta mashine yake, amenyoosha mgongo, na nikamtolea macho mpaka akaukunja. Mahojiano yalikwenda vizuri. Kaka alisema kila kitu. Alisema anafungwa kamba za viatu na dada yake, anakaa chini akioga, akipanda kitanda anapumzika kabla ya kulala. Alisema, "Sijiwezi," na sauti haikumtetemeka, na mimi ndiye niliyetaka kulia.

Tatizo likawa kiti. Kiti alichokalia mkaguzi kina mguu mmoja mfupi, na kila alipoandika kilicheza, tik, tik. Nilimwona kaka anakitazama. Nilimwona anavumilia. Mkaguzi akainua mguu akatazama chini, kwenye vigae, na hapo kaka akashindwa. Alichomoa mrija puani, akapiga magoti, akatoa mfukoni kipande cha kigae, akakisukuma chini ya mguu wa kiti.

"Ni kiti," akasema akihema. "Si... sakafu."

Ilichukua nusu dakika. Ilimchukua dakika ishirini kurudi kuwa mtu, lakini mkaguzi alikuwa ameshaaga.

Barua ya Mfuko ilikuja wiki ya saba. Kaka macho yake hayapendi herufi ndogo, na barua zote ndani ya nyumba hii nasoma mimi. Nikasoma. *Ombi lako halikukubaliwa kwa sasa.* Sababu ya kwanza, mwombaji alionekana akiinama na kufanya kazi ya mikono sakafuni bila msaada wa mashine. Sababu ya pili niliisoma kwa macho tu. Iliandikwa hivi, *Dada wa mwombaji, anayeishi naye na kumhudumia, alieleza mlangoni kuwa mgonjwa hajambo na anaendelea vizuri.*

Niliikunja barua.

"Ni hiyo tu?" kaka akauliza.

"Ni hiyo tu."

Akatazama kiti. "Ni mimi basi," akasema. "Mtanisamehe. Nilijikaza."

Wifi akamwambia si neno. Mimi sikusema kitu. Redio ilizima yenyewe, na hakuna aliyeigusa. Nataka ijulikane kwamba niliweza kusema pale pale na sikusema, nikamwacha mgonjwa aombe msamaha kwa kosa langu. Nilikwenda uani nikasimama nyuma ya nguo zilizoanikwa, na hasira niliyokuwa nayo kwa yule mzee wa kofia ilikuwa kubwa mno. Yeye si amezaliwa akisalimiwa kama sisi? Alipotoka kwetu, jirani alimwuliza habari za kazi, nikamsikia kwa masikio yangu akijibu nzuri. Kwa nini hakulitoa daftari akajiandika?

Wiki ya nane wakaja vijana wawili wa hospitali kuchukua mashine. Walikuwa na adabu, wakaomba radhi, wakasema kuna mama mwenye watoto wadogo anaisubiri. Kaka aliwashukuru. Aliwaambia waiinue kidogo pale mlangoni, kigae cha tatu kina ncha iliyovunjika. Walipoondoka, nyumba ikawa kimya, na kimya kile hakikuwa kizuri, kwa sababu sasa tulisikia kifua chake. Wifi akakanyaga cherehani siku ile mpaka jioni bila uzi. Niliona sindano inapanda inashuka na kitambaa kiko kitupu.

Tukarudi kwa Mama Ustawi kukata rufaa, kwa gari la kukodi, kaka amekaa mbele dirisha likiwa wazi. Mama Ustawi akaomba barua. Sikutaka kumpa. Nikasema nimeisahau, halafu nikakumbuka kwamba nimeibana kwapani na yeye anaiona. Akaichukua, akavaa miwani yake ya uzi, akasoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu, sababu ya kwanza, kisha ya pili. Aliposema dada wa mwombaji, nilitazama mlango. Aliposema hajambo, nilitazama sakafu, na sakafu ya chumba kile ni ya saruji tupu, haina hata cha kuhesabu.

Kisha nikasikia sauti ya ajabu, nikadhani kaka amezidiwa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Mama Ustawi akainuka na glasi ya maji.

"Redio," akasema, alipopata hewa. "Redio... imetangaza."

"Nisamehe, kaka. Nilikuficha."

"Ulitaka... useme nini? Mtu... kasalimu."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya mafaili, kwa sauti. Nililia kwa sababu ya msamaha ule, na kwa sababu aliona kweli kabisa kwamba sikuwa na jibu jingine. Angekuwa yeye mlangoni angejibu hivyohivyo.

Mama Ustawi alisubiri nimalize. Kisha akatuonyesha mgongo wa barua, maandishi madogo ambayo hata mimi sikuyasoma. *Kila kauli ya mwombaji, au ya anayemhudumia, kuhusu hali yake huandikwa kama ilivyotamkwa.*

"Hawaruhusiwi kutafsiri," akasema. "Ukisema hajambo, wanaandika hajambo. Rufaa ni moja tu. Atakuja mkaguzi mwingine. Safari hii jamani, hata salamu mziangalie."

Mkaguzi wa pili alichukua wiki tano kuja. Kwa wiki tano hizo kaka alikuwa anakwenda hospitali mara mbili kwa wiki kupewa hewa kwa saa chache, anarudi na uso wenye rangi, kesho yake rangi imeondoka. Alikuwa analala amekaa. Aliacha kunitania, si kwa huzuni, ila kwa ubahili. Maneno aliyokuwa nayo aliyaweka kwa ajili ya maji, mto, choo. Kucha zake zilikuwa zimegeuka rangi, na kila asubuhi nilipomnyoa ndevu nilizitazama nikasema moyoni, leo wangekuja leo wangeziona. Hawakuja leo hiyo, wala nyingine.

Sisi tulijipanga. Wifi ndiye atakayefungua mlango, kwa kuwa si mtu wa maneno. Asijibu habari yoyote, aseme karibu ndani, basi. Mimi nitakaa kona, na kwa kuwa najijua, nitabana pini za nywele mdomoni kama nafanya kazi.

Akaja mchana, binti mdogo, wa umri wa kuwa mwanetu, na faili la kijani. "Habari za hapa, mama?" Wifi akasema, "Karibu ndani." Binti akasubiri kidogo, akidhani hakusikika. "Hamjambo?" Wifi akasema, "Karibu ndani." Jasho lilikuwa linamtoka. Nilimwonea huruma yule binti, maana alionekana kama mtu aliyekosea nyumba.

Akaingia, akamwinamia kaka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nilipumua. Marahaba haisemi kitu kuhusu mapafu ya mtu.

Akauliza maswali yake. Kaka alijibu kwa neno moja moja, na yalipomwishia akanyoosha kidole, na wifi akamalizia. Viatu, kuoga, ngazi, kazi. "Sijiwezi," akasema, na safari hii halikuwa zoezi. Binti akamwomba, kama hatajali, atembee kutoka kitini hadi mlangoni. Kaka akainuka. Alipita kigae cha ua la bluu. Alipita vyeupe vya zahanati, kimoja, cha pili, cha tatu. Alipofika kwenye kijani cha kwanza cha benki akashika ukuta, kisha akashika ukuta kwa mikono miwili, na midomo yake ikawa na rangi ambayo sitaki kuitaja. Binti akaangusha kalamu akaja kumshika. Akaandika kwa muda mrefu. Niliona mkono wake unakwenda mstari baada ya mstari, nikaona anafunga faili, na nikaona amekaza pia uso, kama mtu anayejizuia.

"Nimeona," akasema. "Nitaandika nilichokiona. Msiwe na wasiwasi."

Nikatoa pini mdomoni. Wifi akamketisha kaka kwenye kile kiti cha mguu mfupi, karibu na mlango, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Binti alikuwa ameshakanyaga kizingiti, faili kwapani. Akageuka, kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri angegeuka.

"Pole sana, baba."

Nilimwona kaka anakusanya hewa. Nilidhani anataka kukohoa. Alinyoosha mgongo, akainua kidevu, na akatoa jibu zima, bila kukatika hata mara moja, jibu refu kuliko yote aliyoyasema wiki ile.

"Nishapoa, mwanangu. Asante sana."

Binti akasimama pale pale. Akamtazama kaka, kisha akatazama faili. Alikuwa na uso wa mtu anayekumbuka maandishi ya mgongoni mwa barua.

Kaka akatuona nyuso zetu, na hapo ndipo alipoelewa. Akafungua mdomo. Nilijua anataka kusema nini, wifi alijua, pengine hata binti alijua. Lakini hewa yote alikuwa ameitumia kwenye adabu, na haikubaki ya kulirudisha neno. Mdomo ulifunguka na kufunga, mkono ukainuka kidogo kutoka gotini, ukarudi. Mimi nilitaka kusema kwa niaba yake, niseme hiyo ni salamu tu, haihesabiwi. Nikakumbuka kwamba mimi nimeandikwa tayari, ndani ya faili lile lile, kuwa ndiye dada aliyesema hajambo.

Binti alisubiri. Alisubiri kwa heshima, labda dakika nzima, akimpa kaka nafasi ya kusema. Kisha akatazama saa, akasema kwa sauti ndogo, "Kwaherini," akatoka.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Kaka bado analala amekaa, na barua bado haijaja. Majirani wakipita dirishani huuliza Pimamaji anaendeleaje, na sisi hatujibu mpaka waingie ndani wamwone wenyewe.